Kati ya 3 na 4 kuna namba ngapi?

Katika kipindi chetu cha asubuhi, mzazi mmoja alitupigia simu akilalamika. Mwanawe alipewa zoezi: taja namba wiani tano zilizo kati ya 3 na 4. Baba akamwambia aandike "hakuna", kwa kuwa baada ya 3 inakuja 4. Mtoto akakosa, na sasa nyumbani haamini tena msaada wa baba. Tuliahidi kulieleza hapa, maana hesabu za hewani hupita kabla msikilizaji hajashika kalamu.

Kwa namba nzima, baba yuko sahihi. Lakini namba wiani ni yoyote inayoandikika kama sehemu: namba nzima juu (kiasi) na namba nzima chini (asili), mradi asili isiwe sifuri. Muuza sukari anazijua. Kati ya kilo 3 na kilo 4 anakupimia tatu na robo, tatu na nusu, tatu na robo tatu.

Ili kupata tano, ziandike 3 na 4 kwa asili moja, 6. Namba 3 inakuwa 18/6, na 4 inakuwa 24/6. Katikati kuna 19/6, 20/6, 21/6, 22/6 na 23/6. Kwa nini 6 na si 5? Hapo wengi huteleza, akiwemo mtangazaji mwenzetu ambaye hatumtaji. Ukitumia 5 unapata 15/5 na 20/5, na katikati zinabaki nne tu. Ukitakiwa kutaja kumi, tumia 11.

Njia nyingine ni kujumlisha namba mbili na kugawa kwa 2. Kwa 3 na 4 unapata 3½; kwa 3 na 3½ unapata 3¼; kisha 3⅛. Ukikesha hutazimaliza.

Angalizo kwa wa sekondari: 22/7 mnayoitumia badala ya pai ni namba wiani. Pai yenyewe, ingawa nayo iko kati ya 3 na 4, siyo.

Kesho asubuhi tutauliza namba saba kati ya 5 na 6. Yule mzazi ameahidi kupiga simu, safari hii akiwa na mwanawe.