Masaa, wamama, analiaga: hayo makosa yalianza lini?

SEHEMU YA 1: Kwa nini nesi anaandika habari za Kiswahili

Wiki hii uji wa lishe na chanjo tunaviweka pembeni. Nataka tuongee kuhusu Kiswahili chetu, hasa yale maneno ambayo mtu akiyasikia anakunja uso: masaa, wamama, mtoto anaharisha, mtoto analiaga usiku, habali za leo.

Utauliza, nesi na sarufi wapi na wapi? Nakujibu. Mama anauliza: "Mtoto wangu analiaga sana usiku, shida nini?" Swali zuri kabisa. Mtu mmoja anamrukia: "Jifunze Kiswahili kwanza, hakuna neno analiaga." Wengine wanacheka. Yule mama haulizi tena. Na huko kliniki ni hivyo hivyo. Mama aliyechekwa mara moja, siku nyingine ukimuuliza jambo anajibu "ndiyo" tu, hata kama hajaelewa, ili asifungue mdomo. Mimi kama muuguzi, "ndiyo" ya namna hiyo inanitisha kuliko joto la nyuzi 39.

Basi tufuatilie historia kidogo. Nani alisema hili ni sahihi na lile ni kosa? Alisema lini? Halafu tuangalie lipi ni kosa la kukera masikio tu, na lipi linaweza kumdhuru mtoto. Hayo mawili watu wanayachanganya sana.

SEHEMU YA 2: Kiswahili sanifu kilichaguliwa mkutanoni

Wengi tunadhani Kiswahili sahihi kilikuwepo tangu enzi, sisi wa bara ndio tukakiharibu. Sivyo. Kiswahili chenyewe ni cha zamani sana, lakini Kiswahili SANIFU, hiki cha vitabuni na mitihani, hakijafikisha hata miaka 100.

Zamani pwani kila mji ulikuwa na Kiswahili chake. Mombasa Kimvita, Lamu Kiamu, mji wa Unguja Kiunguja, na vingine vingi. Hakuna aliyemwambia mwenzake kakosea. Kisha wakaja wamisionari wakaanza kuandika vitabu. Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 akajifunza lugha ya huko, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882. Edward Steere, Mwingereza aliyekuja kuwa askofu, alikaa Zanzibar, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya lugha ya huko. Kwa hiyo tangu mapema kulikuwa na Kiswahili cha vitabu vya aina mbili.

Baadaye Waingereza wakawa wanatawala Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wakataka shule za nchi zote nne zitumie kitabu kimoja. Mwaka 1928 wakakutana, na mahali pa mkutano ni Mombasa. Wakachagua nini? Kiunguja! Yaani kikao kimefanyika kwa watu wa Kimvita, kikachagua cha jirani. Watu wa Mombasa waliolalamikia uamuzi huo hawakukosekana.

Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kupanga tahajia, kukagua vitabu vya shule na kutengeneza kamusi. Katibu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Frederick Johnson, na kamusi inayobeba jina lake ilitoka mwaka 1939. Wajumbe wa mwanzo walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni na wamisionari. Waafrika waliingizwa baadaye. Mwanamke wa Unguja aliyekuwa anabembeleza mtoto kwa lugha hiyo hiyo hakuulizwa kitu.

Sisemi kazi ile ilikuwa mbaya. Leo hii mama wa Bariadi na mama wa Tanga wanasoma kadi moja ya kliniki na kuelewana, na hilo si dogo. Ninachosema ni kwamba usanifu ni makubaliano. Kuvunja makubaliano si ujinga. Mara nyingi ni dalili tu kwamba mtu ametoka nyumba nyingine yenye makubaliano yake.

SEHEMU YA 3: Kilivyofika kwetu Usukumani

Hapa Kalemela na Simiyu nzima, wengi wetu Kiswahili ni lugha ya pili. Ya kwanza ni Kisukuma. Asubuhi tunaamkiana "mwangaluka", tukishukuru tunasema "wabeja". Hata mji wa Mwanza jina lake ni Ng'wanza lililonyooshwa ili litamkike Kiswahili. Mnaona? Na Kiswahili nacho kimetukosea sisi, ila hatujakicheka.

Baada ya uhuru wa 1961, Mwalimu Nyerere alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kuunganisha taifa. Mwaka 1964 ile Kamati ikageuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1967 likaundwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981, safari hii ikiwa kazi ya taasisi yetu wenyewe.

Lakini bibi zetu hawakujifunza kwenye kamusi. Wengi walijifunza kwenye kisomo cha watu wazima. Na hapo Kanda ya Ziwa ina sifa yake: kuanzia mwaka 1968 mradi mkubwa wa majaribio wa kisomo, ulioungwa mkono na UNESCO, uliwekwa kwetu huku, makao yake Mwanza. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, ufugaji, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Mkulima alijua herufi kupitia pamba yake.

Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza habari za maji safi, vyoo na mbu, kisha wanajadiliana na kwenda kuchimba choo. Walioshiriki nchi nzima walikuwa kama milioni 2. Fikiria sasa vikundi hivyo vilizungumzaje. Mmoja anasema habali, mwingine anasema wamama, mwingine anachomeka Kisukuma katikati. Na vyoo vikachimbwa! Kama wangeambiwa wasubiri mpaka wajue ngeli, tungekuwa bado tunajisaidia porini.

SEHEMU YA 4: Makosa yanayokera, na asili yake

Sasa tuyachukue moja moja.

HABALI. Kisukuma hakina sauti ya r. Angalia hata jina la kata yetu, Kalemela, ni l tupu. Aliyelelewa kwa Kisukuma ulimi wake unaikwepa r. Wenzetu wa lugha nyingine wanageuza kinyume, l inakuwa r. Kwenye mazungumzo hakuna kinachoharibika. Kwenye kuandika jitahidi, kwa sababu mahali ni sehemu, mahari ni ng'ombe za ukweni. Na ukimwandikia mtu "nimeenda kupiga kula" atajiuliza umeenda uchaguzini au mezani.

WAMAMA. Kwa usanifu, neno mama halibadiliki: mama mmoja, mama watatu, au akina mama. Anayesema wamama amefuata mkondo wa mtoto/watoto, mgonjwa/wagonjwa. Kanuni anaijua vizuri, ila kaipeleka kwa neno lisiloitaka. Wadada na wakaka ni hivyo hivyo. Ukiandika barua ya kazi, andika akina mama. Ukiwa foleni ya kupima uzito, sema utakavyo, tutakupimia.

ANAHARISHA. Hapa sanifu ni anahara. Ule mwisho wa -isha maana yake ni kusababisha, kama kula na kulisha. Kwa hiyo maji machafu ndiyo yanayoharisha, mtoto anahara. Lakini nesi yeyote ukimwambia mtoto anaharisha amekuelewa. Kitu anachotaka kujua haraka ni mara ngapi, tangu lini, kuna damu au hakuna, na mtoto ananyonya au amelegea.

ANALIAGA. Hili ndilo linalopigwa vita kuliko yote, na ndilo nalipenda. Kisukuma, Kinyamwezi na lugha nyingine nyingi za Kibantu zina -ga mwishoni mwa kitenzi kuonyesha jambo la mazoea. Kiswahili sanifu kinatumia hu- mwanzoni: mtoto hulia usiku, au huwa analia usiku. Sasa sikiliza tofauti. Ukisema "mtoto analia", nitadhani ni sasa hivi. Ukisema "analiaga", umeshaniambia ni kila siku, si leo tu. Hiyo ni taarifa ya maana kwa matibabu! Mwalimu wa darasani ana haki ya kulisahihisha kwenye insha. Mimi wodini silifuti, nalisikiliza.

SEHEMU YA 5: Hapa sasa kuna hatari: saa na masaa

Nakuomba hii sehemu usiiruke.

Kwa usanifu, saa haina wingi wa ma-. Saa moja, saa mbili, saa nane. "Masaa" BAKITA wanalikataa na walimu wanalikata kwa wino mwekundu. Sawa. Ila jiulize kwa nini watu wameng'ang'ania masaa miaka yote hii. Kwa sababu "saa nane" ina maana mbili. Ni ile saa nane ya mchana, jua likiwa kali. Na pia ni muda wa saa nane, kuanzia dakika hii mpaka zipite saa nane. Watu wakajitengenezea dawa: saa nane ni ya ukutani, masaa nane ni ya kuhesabu. Kosa la sarufi, lakini linafanya kazi.

Ona hatari yake. Muuguzi anayejali sarufi anasema, "Mpe kila saa nane." Kakosea? Hapana. Lakini mama anaweza kusikia saa nane mchana na saa nane usiku. Hizo ni dozi mbili kwa siku badala ya tatu. Dawa haifiki kiwango, mtoto haponi vizuri, na tunaanza kusema dawa haina nguvu.

Mfano mwingine ni dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2006. Dozi ya pili hutolewa baada ya saa 8 tangu ile ya kwanza. Mtoto amepewa ya kwanza saa 4 asubuhi, mama kaambiwa "ya pili saa nane". Akimpa saa 8 mchana, zimepita saa 4 tu! Alitakiwa kumpa saa 12 jioni.

Na "kutwa mara tatu"? Asili ya kutwa ni jua kuzama, yaani mchana mzima. Mtu anaweza kubana dozi zote tatu kabla giza halijaingia. Kama dawa ni ya kila baada ya saa 8, mpangilio ni huu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Kuna neno jingine zito: degedege. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo waligundua kwamba wazazi wengi walijua malaria, na walijua degedege, lakini waliyaona kuwa magonjwa mawili tofauti. Malaria ya hospitali, degedege la mganga. Sarufi yao ilikuwa safi, ni ya watu wa pwani kabisa! Kilichopungua ni sisi wa afya kueleza kwamba malaria kali inaweza kuleta degedege. Mtoto akikakamaa na kutetemeka, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, kimbia naye hospitali hata kama ni usiku.

SEHEMU YA 6: Tufanyeje sasa

Mama, ukipewa dawa usiondoke na "kila saa nane" wala "masaa nane". Sema hivi: "Nesi, naomba unitajie saa za kumpa." Akutajie asubuhi saa ngapi, mchana saa ngapi, usiku saa ngapi, na aandike kwenye bahasha ya dawa. Kisha rudia wewe kwa mdomo wako, kwa Kiswahili chako au kwa Kisukuma. Ukirudia ndipo tunajua kama tumeelewana.

Baba, ukisindikiza familia, usimkate mama maneno kwa sababu kasema analiaga. Muache amalize. Yeye ndiye aliyekesha.

Wauguzi wenzangu mnaosoma, tusahihishe barua na vitabu vya wanetu, hiyo ni haki ya mtoto atakayefanya mtihani. Mgonjwa tumsahihishe saa ya dawa.

Mchana huu kaangalie bahasha ya dawa iliyopo nyumbani kwako. Ikiwa imeandikwa 1x3 tu, bila saa, irudishe dirishani uandikiwe.