Misitu ya Kingo za Mto Tana na Mipaka ya Hifadhi

Kutoka Wenje kuteremka hadi karibu na Garsen, Mto Tana hupita katika nyika kavu ukijipinda huku na huku, na kandokando yake imesalia misitu midogo iliyotengana, ambayo wataalamu huiita misitu ya kingo za mto kwa sababu huishi kwa maji yanayopenya ardhini kutoka mtoni, mvua za eneo hilo zikiwa haba mno kuweza kuikimu. Humo, wala si kwingine duniani, wanaishi mbega mwekundu wa Tana, ambaye chakula chake kikuu ni majani machanga, na mangabe wa Tana, kima mwenye rangi ya kijivu na manjano ambaye hushuka chini kutafuta matunda na mbegu. Wote wawili waliingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1879, Mjerumani Wilhelm Peters alipowaeleza kwa mara ya kwanza, na leo wamo katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Kuiita misitu hiyo pori lisiloguswa ni kuipotosha historia yake. Wapokomo wamelima kingo hizo kwa vizazi vingi, wakipanda mpunga, mahindi na migomba katika ardhi iliyorutubishwa na mafuriko, na wakichonga mitumbwi kwa magogo ya miti mikubwa, huku wazee wa baraza lao la Gasa wakiamua mambo ya ardhi na migogoro yake. Waorma, ambao ni wafugaji, walifikisha ng'ombe mtoni kupitia malka, yaani njia za kunyweshea mifugo. Mkindu waonyesha vizuri jinsi mahitaji yalivyokutana: matunda yake huliwa na mangabe, makuti yake husukwa mikeka, na shina lake hugemwa tembo, ingawa shina lililokatwa kilele mara nyingi hufa.

Mwaka 1976 serikali ilitenga kilomita za mraba zipatazo 169 kuwa hifadhi ya taifa ya wanyama hao. Mpaka ulichorwa kuizunguka miti. Maji yanayoiotesha yakabaki nje ya mpaka, mikononi mwa mamlaka nyingine kabisa. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981 ili kuhifadhi maji ya kuendeshea mitambo ya umeme iliyo chini yake, na la Kiambere likafuata mwaka 1988. Mafuriko makubwa yalipopungua, haikupungua rutuba ya mashamba pekee: mto wenye nguvu hukata mkondo mpya, huacha nyuma ziwa lenye umbo la upinde na tope jipya, na ni katika tope hilo ambamo miche mingi ya miti ya kingoni huanza maisha. Kwa hiyo msitu unaweza kulindwa dhidi ya shoka na bado ukazeeka bila kupata mrithi.

Mradi uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 1996, ulielekeza macho kwa wakulima, na mpango wa kuwahamisha baadhi yao ukazua upinzani mkali hadi mradi ukafungwa kabla ya kutimiza malengo yake. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi yenyewe haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Uamuzi huo ulieleweka vyema Tana kuliko Nairobi, maana wenyeji walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba ardhi yao ilichukuliwa bila kuulizwa.

Upande wa chini, delta ya Tana inayoanzia karibu na Garsen iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka uleule ambao Wapokomo na Waorma walipigana na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, ardhi na maji vikiwa miongoni mwa sababu za uhasama huo. Mkataba wa Ramsar unazungumzia matumizi ya busara ya ardhioevu. Lakini kiasi cha maji kinachoifikia delta hiyo bado hutegemea sana maamuzi yanayofanywa kwenye mabwawa, mamia ya kilomita juu ya Garsen.