Watoto Waliocheza Ulinzi

Septemba 1, 1923, saa 5:58 asubuhi, tetemeko la ardhi liliikumba Tokyo pamoja na Yokohama wakati majiko yamewashwa kwa chakula cha mchana. Nyumba za mbao zikashika moto, upepo ukausambaza, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Sisi wa Nyangoto tunakumbuka lile la ng'ambo ya Ziwa Viktoria: Septemba 10, 2016, ukubwa wa 5.9, likabomoa nyumba na kuua watu Kagera. Habari za Bukoba zilitufikia kwa picha za simu. Tokyo, baadhi ya manusura walichorwa kwa mkono.

Mchoraji Takehisa Yumeji alikuwa amejulikana Japani nzima kwa picha za wanawake wembamba wenye huzuni. Baada ya tetemeko alizunguka mjini akichora, na kuanzia Septemba 14 hadi Oktoba 4 gazeti la Miyako Shimbun lilichapa michoro yake na maelezo mafupi, mara 21. Alimchora binti akiuza sigara, akawaza: zikiisha sigara, atauza nini?

Ila mchoro ninaouthamini kuliko yote ni wa watoto. Baada ya tetemeko ulienea uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Wanaume wakaunda vikundi vya ulinzi, kama sungusungu tunaowajua Tarime na Serengeti, lakini hawa hawakuwa wakisaka wezi wa mifugo. Walisimamisha wapita njia, wakawapima kwa matamshi yao, na Wakorea kwa maelfu wakauawa, tena kwa kushirikiana na baadhi ya askari na polisi. Yumeji aliwachora watoto wakiigiza vikundi hivyo. Mmoja anaambiwa sura yake si ya Kijapani, basi yeye awe adui. Anakataa, anaogopa kuchomwa mkuki wa mwanzi. Wanamhakikishia ni mchezo tu. Mwishowe wanamlazimisha, wanamkimbiza, wanampiga kweli hadi analia.

Siku zile serikali ilikuwa imeyazuia magazeti kuandika habari za mauaji hayo, na zuio lile liliendelea hadi Oktoba. Yumeji hakumtaja Mkorea hata mmoja. Aliwageukia watoto, akawasihi waache kushika fimbo na kucheza mchezo ule, na gazeti likachapa ombi lake Septemba ileile.