Mwongozo wa Mtumiaji: Funzo la Miaka ya 1980

Kila chombo cha elektroniki, kiwe redio, simu au mashine ya kupimia shinikizo la damu nyumbani, huuzwa pamoja na kijitabu cha maelekezo. Mara nyingi kijitabu hicho huishia kabatini, na lawama hutupiwa mtumiaji kwamba ni mvivu wa kusoma. Historia, hata hivyo, yaonyesha kwamba kosa huweza kuwa la mwandishi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya IBM ya Marekani iliuza mashine za elektroniki za kuandikia barua maofisini. Vitabu vya kuzifundishia mashine za aina hiyo vilikuwa vinene, navyo vilifuata utaratibu wa darasani: maelezo kwanza, mazoezi baadaye. Katika kituo cha utafiti cha kampuni hiyo, jimboni New York, mwanasaikolojia John M. Carroll na wenzake waliwaketisha makarani mbele ya mashine, wakawaomba waseme kwa sauti yale waliyokuwa wakiyafikiri. Ilidhihirika kwamba wasomaji hawakukifuata kitabu. Waliruka kurasa, walibonyeza ili waone litakalotokea, na walipokosea hawakuonyeshwa njia ya kurudi. Walitaka kuandika barua, si kusoma habari za mashine.

Ndipo Carroll alipotunga mwongozo mfupi. Aliondoa dibaji, marudio na muhtasari. Kila sura ikaanza na kazi aitakayo msomaji. Na makosa ya kawaida yakawekewa tiba papo hapo. Waliojifunza kwa mwongozo huo walitumia muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Habari hizo amezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990, The Nurnberg Funnel.

Je, sisi twapata funzo gani? Tangu BAKITA lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, juhudi kubwa imeelekezwa katika kusanifu istilahi. Juhudi hiyo ni ya lazima. Msomaji akutanaye na “kibonye” ukurasa wa kwanza, “kitufe” wa tatu na “swichi” wa tano, atadhani ni vitu vitatu. Lakini istilahi sanifu peke yake haimwokoi. Tazama sentensi hii: “Uondoaji wa betri ufanyike baada ya uzimaji wa chombo kukamilika.” Kila neno ni sahihi, na bado msomaji hukwama. Heri kusema: “Zima simu kwanza. Kisha toa betri.”

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Mgonjwa asiyeelewa namna ya kuufunga mkanda wa mashine ya kupimia shinikizo la damu atapata kipimo cha uongo, na huenda akakiamini.

Hivyo basi, kabla ya tafsiri kupelekwa kwa mpiga chapa, yafaa apewe mtu asiyewahi kukitumia chombo hicho, naye mfasiri aketi kando, atazame, asiseme neno. Pale mkono wa msomaji utakaposita, hapo ndipo pa kusahihisha.