Luteni Shergold Smith na Jahazi la Songoro

Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, bandari kubwa ya upande wa kusini wa Ziwa Victoria ilikuwa Kageye. Leo ni kijiji cha wilaya ya Magu, ufukweni mwa Ghuba ya Speke, na asiyejua habari zake hana sababu ya kushuka hapo. Katika miaka ya 1870 misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyamwezi ilitua mizigo kwa mtemi wa hapo, Kaduma, na aliyetaka kuvuka kwenda Ukerewe au Buganda alitafuta chombo kwake. Msafiri wa Kizungu, Stanley, alifika Februari 1875, akaunga vipande vya mashua yake, Lady Alice, akaenda kulizunguka ziwa. Aliporudi mwezi Mei alikuta kijana wake Frederick Barker amekwisha kuzikwa.

Stanley aliandika pia habari za mfanyabiashara kutoka pwani aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi la kufanyia biashara ziwani. Msomaji alikumbuke jina hilo. Vitabu vya wamishonari humtaja Songoro kwa sentensi moja au mbili, kisha huendelea na Wazungu wao, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kisa chenyewe hakieleweki vizuri mpaka leo.

Novemba 15, 1875, gazeti la Daily Telegraph la London lilichapa barua ya Stanley kutoka Buganda, ikiwaita wamishonari waende kwa Kabaka Mutesa. Siku chache baadaye chama cha wamishonari cha CMS kilipokea ahadi ya pauni 5,000 kutoka kwa mtu aliyeficha jina lake. Fedha zikapatikana, wakabaki watu. Miongoni mwa waliojitokeza mapema alikuwa George Shergold Smith, luteni wa Jeshi la Majini la Uingereza. Alikuwa amepigana vita vya Ashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana, na homa ya huko ndiyo iliyomtoa jeshini. Stanley alipoandika, luteni huyo alikuwa akisomea ukasisi. Akakabidhiwa uongozi wa safari.

Ni rahisi kuona kwa nini walimchagua yeye. Safari ilikuwa ya kwenda ziwani, na ziwa linataka mwanamaji. Lakini kati ya Bagamoyo na ziwa kuna nchi kavu ya miezi mingi kwa miguu, na bahari haikumfundisha mtu jinsi ya kusafiri na wapagazi wanaokimbia usiku. Mwaka 1876 walijaribu kwanza njia ambayo baharia yeyote angeijaribu: walipanda mito ya Wami na Ruvu kwa mashua, wakitafuta mkondo wa kuwafikisha bara. Mito ikazunguka, ikapungua kina, wakarudi. Hapo ikabidi wafuate njia ya wote. Mashua yao, Daisy, ilifunguliwa vipande, vikabebwa vichwani na mabegani.

Walikuwa wanane walipoondoka Uingereza. Kijana wa Kiskoti aliyekuwa fundi mitambo, Alexander Mackay, aliwaambia viongozi wa chama siku ya kuagana kwamba wasishangae wakisikia mmoja wao amekufa kabla ya miezi sita kupita. Ikawa hivyo, James Robertson akafia Zanzibar Agosti 1876. Wengine wawili hawakuweza kuendelea na safari, na Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani. Shergold Smith alifika Kageye mwishoni mwa Januari 1877 akiwa na daktari wa msafara, John Smith. Wakaja kuungana na kasisi C. T. Wilson na Thomas O'Neill. Mwezi Mei daktari naye akafa, akazikwa palepale Kageye. Wakabaki watatu.

Mwezi Juni luteni na Wilson waliitweka Daisy kuelekea kaskazini. Walipokaribia kisiwa cha Ukara walipokelewa kwa mawe na mishale. Wilson alichomwa mshale, na jiwe likamjeruhi luteni jichoni. Hawakugeuza. Mwisho wa mwezi walikuwa Rubaga, makao ya Kabaka, ambako barua zao zilisomwa mbele ya Mutesa na baraza lake. Walimkuta huko Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamishonari wa Zanzibar, ambaye Stanley alimwacha kwa Kabaka amfundishe na kumwandikia. Kwa hiyo Kiswahili na maandishi vilitangulia ikuluni kabla ya kasisi yeyote wa Kizungu, jambo ambalo wamishonari wenyewe hawakulitilia mkazo. Mutesa alitaka kujua zaidi kuhusu bunduki na baruti.

Kabla ya Agosti luteni alikuwa ameondoka. Wilson alibaki Rubaga peke yake, na mwenzake akarudi kusini kumchukua O'Neill na mizigo yao. Miezi iliyofuata aliitumia kwa kazi aliyoijua vyema: kupita kwenye ghuba za kusini, kupima kina, kuandika sura ya pwani. Nadhani hiyo ndiyo miezi aliyokuwa nyumbani kuliko mingine yote tangu atoke Uingereza.

Sasa tuingie Ukerewe, maana hapo ndipo kesi ilipo. Kisiwa kile hakikuwa pori la kungojea wageni. Kilikuwa na mtawala wake, Omukama, na wakati huo alikuwa Lukonge, mwana wa Machunda. Kilikuwa na sheria zake za deni na malipo. Anayetaka kuonja uzito wa mambo hayo kwa Wakerebe amsome Aniceti Kitereza, mjukuu wa Machunda, aliyezaliwa 1896. Katika riwaya yake Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume asiyetaka kutengana na mkewe, ingawa hawajajaliwa mtoto, anatozwa na wakwe zake pombe ya ndizi kabla hajaruhusiwa kurudi naye nyumbani. Mapenzi hayafuti deni. Ikiwa mkwe hulipa, mgeni wa pwani atasamehewa kwa lipi?

Songoro aliwauzia wamishonari jahazi lake. Lukonge akasema Songoro bado ana deni kwake, hajalipa, na kwa hiyo chombo hakina ruhusa ya kuondoka. Luteni aliona amenunua na amelipa. Omukama aliona mali yake inapelekwa kwa Mutesa, mfalme mwenye nguvu kuliko wote ziwani, ndani ya chombo kilichoundwa katika nchi yake. Kila upande ulikuwa na hoja. Mwamuzi hakuwapo.

Desemba 1877 Lukonge alimgeukia Songoro. Songoro, pamoja na watu wake, akakimbilia kwa Shergold Smith na O'Neill, waliokuwa kisiwani. Omukama akataka atolewe. Wakakataa. Wapiganaji wakaingia, na Wazungu wote wawili wakauawa pamoja na Songoro na wengi wa watu waliokuwa nao.

Kuna kinaya hapa. Jeshi la Majini alikotoka luteni ndilo lililokuwa likiwinda majahazi ya watumwa kati ya Zanzibar na Uarabuni, na wafanyabiashara wa pwani walioingia bara kutafuta pembe wengi wao walinunua watumwa pia. Hata hivyo, alipoombwa kumtoa mmoja wao, hakumtoa.

Juni 1878 Mackay alifika Kageye. Aliikuta Daisy imeoza na kupasuka, akakata futi 8 katikati yake, akaziunganisha ncha mbili zilizobaki. Kisha akaenda Ukerewe bila silaha, akalala huko, akazungumza na Lukonge. Omukama alimwambia kwamba hakukusudia kuwaua Wazungu, mtu wake alikuwa Songoro. Mackay aliondoka salama, na amani ikapatikana. Kati ya wale wanane, kazini walibaki yeye na Wilson tu.

Huko Uingereza Shergold Smith aliandikwa kama shahidi wa dini. Sikubaliani. Hakuna aliyemuuliza habari za imani yake siku ile. Alikufa katika mgogoro wa deni na jahazi, upande wa mgeni aliyemkimbilia, na hilo latosha kumpa heshima bila kumwongezea taji. Lukonge naye si jitu la hadithi za kutishia watoto, alikuwa mtawala aliyedai chake na akamwaga damu nyingi kukidai. Wajerumani walimwondoa madarakani 1895.

Wanaotunza kumbukumbu za Kageye na Ukerewe, wakiandika kibao kipya cha Desemba 1877, wamweke luteni na O'Neill, lakini jina la Songoro nalo waliandike, na watu wake wasiachwe.