Siku Moja Unguja: Jumba la Maajabu na Waliolijenga

Majumba makubwa ya pwani yetu yana desturi ya kuwapumbaza watazamaji. Mgeni huinua macho, hustaajabia milango na nguzo, kisha huenda zake akiamini kuwa ameiona historia. Kumbe aliyoiona ni sura yake tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wazee wetu. Na kazi ya mwanafunzi wa historia ni kuuliza vimeundwa na nani, kwa mali gani na kwa haja gani. Maswali hayo yafaa kuulizwa juu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la mji wa Unguja.

Jumba hilo lilijengwa katika mwaka wa 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar toka 1870 hata 1888. Halikuwa nyumba ya kulala, bali mahali pa baraza na sherehe za enzi. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa. Roshani zake pana zilishikwa na nguzo za chuma cha kusubu kilicholetwa kutoka ng'ambo. Milango yake ilinakshiwa kwa maandishi ya Kiarabu. Likapata taa za umeme na lifti, vitu ambavyo watu wa nchi hizi hawakuwa wamevizoea. Hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Lakini yatazame majira ya kujengwa kwake. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha Sultani kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha kuwasafirisha baharini. Katika 1884 na 1885 mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin, na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakaamua baina yao kwamba milki ya Sultani barani isipite ukanda wa maili kumi toka pwani. Miaka miwili baada ya kufa kwake, Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Basi jumba lile halikuwa tunda la enzi inayopanda. Lilikuwa sauti ya mtawala aliyetaka kusikiwa wakati nguvu zake zinapungua, na mali iliyolisimamisha ilitoka katika mashamba ya karafuu na jasho la waliouzwa.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ya asubuhi, manowari za Kiingereza ziliupiga mji mizinga kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alijitwalia kiti bila ridhaa yao. Vita vile havikutimiza saa moja. Upande wa Sultani watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Waingereza walipata majeruhi mmoja. Majumba jirani yalibomoka, Beit al-Ajaib likabaki. Baadaye likawa ofisi za serikali ya Kiingereza, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likapewa kazi nyingine, hata likawa makumbusho.

Nilikwenda huko na jamaa yangu kwa siku moja, tukivuka kwa boti toka Dar es Salaam asubuhi na kurejea jioni. Hiyo ilikuwa baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu kubwa ya jumba ilianguka, na mnara wake wa saa pamoja nayo. Tulisimama Forodhani, nje ya uzio. Binti yangu akauliza, "Mama, nguzo zile nani alizibeba?" Kabla sijasema neno, bibi yake akamjibu, "Wachukuzi, mjukuu wangu. Chuma huja kwa jahazi, lakini hakishuki chenyewe."

Jibu hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi. Vitabu vyatupa jina la Sultani, la mabalozi na la manowari. Jina la mchukuzi havitupi. Na jumba lilipoanguka, lilikuwa katika kutengenezwa, na watu wawili waliokuwa kazini walipoteza maisha yao. Mwanzo wake na anguko lake vimekutana mahali pamoja: katika mikono ya watu wa kazi.

Si haki kumhukumu Barghash kwa jumba peke yake. Yeye ndiye aliyevuta maji ya Chemchem kwa mifereji hadi mjini, yakanywewa na bwana na mtumishi. Kazi hiyo haikuitwa ajabu, wala wageni hawakuipiga picha; lakini ukiuliza ni ipi kati ya hizo mbili iliyomfaa mama wa Ng'ambo aliyekuwa na mtungi mtupu, jibu halina shida.

Wako watakao jumba lirudi kama lilivyokuwa, na hoja yao ni nzito, kwa kuwa mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 umepoteza uso wake wa baharini. Lakini kurudisha nguzo bila kurudisha habari za waliozibeba ni kujenga nusu ya jumba. Wanafunzi wetu waanze sasa kuuliza katika nyumba za Ng'ambo na Malindi habari za waashi, maseremala na wachukuzi, maadamu wajukuu wao wangali hai. Mawe yaweza kungoja, wazee hawangoji.