Paulina wa Pumwani: Mke aliyeonekana kwa macho yake mwenyewe

RIWAYA za Nairobi za miaka ya 1970 zilizoea kumwonyesha mwanamke wa mjini kwa macho ya mwanamume anayemtamani. Katika Son of Woman (1971) ya Charles Mangua, Tonia tunamjua kwa yale tu ambayo Dodge Kiunyu, msimulizi mwenye maneno mengi, ameamua kutusimulia. Wini wa Meja Mwangi katika Going Down River Road (1976) anatoweka na kumwachia Ben mtoto wake wa kumzaa. Msomaji anabaki na Ben na hasira zake. Wini mwenyewe hapewi nafasi ya kujieleza.

Mwaka 1986 Marjorie Oludhe Macgoye aliigeuza njia hiyo katika Coming to Birth, riwaya iliyoshinda Tuzo ya Sinclair mwaka huohuo na ambayo baadaye ilitahiniwa katika shule za upili nchini Kenya. Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kufanya kazi ya vitabu vya kanisa. Mwaka 1960 aliolewa katika jamii ya Waluo, akachukua uraia wa Kenya mwaka 1964, na alifariki mwaka 2015.

Paulina anashuka garimoshi jijini Nairobi mwaka 1956. Ana umri wa miaka 16 na mimba changa. Anakuja kwa mumewe, Martin Were, kijana wa miaka 23 mwenye kazi ya mshahara na chumba cha kupanga Pumwani. Wakati huo nchi imo katika Hali ya Hatari. Miaka miwili kabla, mwezi Aprili 1954, Operesheni Anvil ilikuwa imewazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka vizuizini au kuwarudisha makwao. Waluo na Waluhya wakazidi kuonekana katika kazi na vyumba vya mji.

Mimba inaharibika mara tu baada ya kufika. Akitoka hospitalini, Paulina anapotea njia. Hajui mji, na hana wa kumuuliza katika lugha anayoimudu vyema. Anapopatikana hatimaye, Martin anampiga. Hapa ndipo ustadi wa Macgoye unapodhihirika. Mwandishi mwingine angemweka msomaji mlangoni pamoja na mume, asikie wivu na aibu yake tu. Macgoye anatutembeza kwanza katika vichochoro pamoja na msichana aliyepotea, hivyo kila kofi linapotua tunajua kwamba tuhuma ni za uongo.

Kuichagua Pumwani kuwa mandhari kunaongeza uchungu wa mkasa huo. Mtaa huo ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika, na wenyeji waliruhusiwa kujijengea nyumba na kuzipangisha chumba kwa chumba. Miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwamo wanawake wengi, baadhi yao waliojenga kwa fedha walizochuma kwa ukahaba, kama alivyoeleza mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha mwaka 1990. Basi mke asiye na sauti chumbani mwake anaishi katika mtaa ambao wanawake wengine wamekuwa wakikusanya kodi ya nyumba kwa zaidi ya miaka thelathini.

Miaka inapita bila mtoto, na Martin anatafuta wanawake wengine. Paulina anakwenda Kisumu, anasomea maarifa ya nyumbani na kuanza kufundisha wanawake wenzake. Riwaya inaondoka naye. Mwanamume aliyekuwa kitovu cha nyumba anageuka kuwa habari ya mbali, na hilo ni jambo adimu katika hadithi za ndoa za enzi hiyo.

Huko Kisumu anajifungua mwana, Okeyo, kwa mwanamume mwingine. Macgoye hamtetei wala hamlaani. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta anapozuru Kisumu kufungua hospitali, polisi wanafyatulia umati risasi. Tukio hilo ni la kweli. Katika riwaya, Okeyo anauawa kwa risasi hizo. Huzuni ya mama mmoja inabeba historia ambayo kwa muda mrefu ilisemwa kwa kunong'onwa.

Anaporudi Nairobi, Paulina anafanya kazi ya nyumbani kwa mbunge, naye sasa anazo fikra zake juu ya siasa na juu ya watoto wa mitaani. Martin ndiye anayerudi kwake, akiwa amenyenyekezwa na maisha.

Wapo wasomaji ambao hawaridhiki na mwisho, kwani Paulina anapata mimba tena na mume yuko pembeni, kana kwamba furaha ya mwanamke haina sura nyingine. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ni vigumu kuusoma mwisho huo kama marudio ya mwaka 1956. Wakati ule Paulina alikuja na mimba kwenye chumba cha Martin, akaishi humo kwa hisani yake. Safari hii chumba kimetokana na ajira ya Paulina, na Martin ndiye mgeni aliyepokewa.